Tone la Fundi Dakika

Mtaa mzima walimwita Fundi Dakika, na jina hilo halikuwa la sifa. Ukimpelekea saa yako aitazame, alikuambia "dakika tu," nawe ukarudi baada ya wiki mbili ukamkuta ndiyo kwanza anaufungua mfuniko. Lakini saa ikishatoka mikononi mwake ilikwenda. Ilikwenda hata kama mwenyewe huna pa kwenda. Kwa hiyo watu walinung'unika, wakarudi, wakanung'unika tena, kama tufanyavyo kwa mafundi wote wazuri.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Upande mmoja ilikaa meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, ili skrubu ikidondoka ionekane. Upande wa pili ilinguruma friji ya mkewe, aliyeuza juisi na maji baridi kwa hao hao waliokuwa wakingojea dakika isiyokwisha. Mkewe alikuwa akisema kwamba biashara yake inalishwa na uchelewaji wa mumewe, na hakuwa anatania sana.

Mambo mawili Fundi Dakika aliyapokea kwa mwalimu wake wa ufundi, aliyekwisha kufariki, na aliyashika kama watu wengine wanavyoshika wosia. La kwanza ni habari ya mafuta. Saa nyingi huuawa na mafuta mengi, chache huuawa na mafuta kidogo. Tone linalofaa ni lile ambalo mtu asiye fundi hawezi kuliona: unachovya ncha ya kisindano, unagusa kijiwe kinachoshikilia gurudumu la saa, unaondoa mkono. Mtu anayemimina mafuta kwenye saa, mwalimu alisema, akakaange mihogo.

La pili ni alama. Fundi akimaliza kazi, kabla ya kufunga, hukwaruza herufi zake na tarehe upande wa ndani wa mfuniko wa nyuma, kwa maandishi madogo kuliko mguu wa sisimizi. Mwenye saa hataiona alama hiyo maisha yake yote. Ni salamu ya fundi kwa fundi atakayefungua baada yake. Fundi Dakika alikwisha kukutana na alama za mafundi ambao hakuwahi kuwaona sura, na kila alipokutana nayo alisema kimoyomoyo, "Nimekuona, mzee." Siku moja alifungua saa kuukuu akaikuta alama ya mwalimu wake mwenyewe. Mchana ule hakufanya kazi tena.

Basi, mwaka aliotimiza miaka thelathini na miwili katika kazi, mkewe alimtazama usoni wakati wa chai akamwambia, "Baba watoto, jicho lako lina kitu."

"Vumbi," alisema.

Vumbi hilo lilikaa miezi mitatu. Lilianza kama chunjua ndogo ya rangi ya waridi, pale weupe wa jicho la kulia unapopakana na duara jeusi, kisha likatambaa, likaota vijishipa vyekundu. Jicho la kulia ndilo alilovalia lenzi yake ya kazi, ile ya kubana na nyusi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," mkewe alimwambia. Alipoona methali haimwingii, asubuhi moja aliifunga karakana kwa kufuli, akatia ufunguo kifuani, akamshika mkono wakaenda hospitali.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, asiyependa kuzunguka mbuyu. Alikata kipande kidogo akakipeleka maabara, na walipoitwa tena akawaambia waziwazi: ni saratani. Bado changa, iko juu juu, haijazama ndani. Ila imetambaa robo nzima ya duara la jicho.

"Naweza kuikata," alisema. "Lakini kisu kikipita kote huko, kovu litabaki, na jicho hili halitaona tena vitu vidogo kama zamani. Kazi yako ni ipi, mzee?"

"Saa."

Daktari aliitazama mikono ya fundi. Kisha akasema kuna dawa ya matone inayoitwa intaferoni, na kabla ya kisu angependa waijaribu. Fundi akauliza swali ambalo angeliuliza juu ya kipuri chochote: inatoka wapi?

"Inatoka kwako," daktari alisema. "Mwili unaitengeneza wenyewe. Chembe moja ya mwili ikiingiliwa na kirusi, yenyewe mara nyingi haiponi. Lakini kabla haijafa inatoa kitu hiki, kinakwenda kwa chembe za jirani kuziambia zijifunge, na kinawaamsha walinzi wa mwili. Walinzi hao hao wakiamka wanaishughulikia na saratani. Wako wamelala. Sisi tunakuongezea sauti ya kuwaamsha."

"Na hiyo mnayoniongezea, imetolewa kwa mtu?"

"Hapana. Kuna bakteria viwandani, wadogo kiasi kwamba hiyo lenzi yako haiwezi kuwaona. Wamepewa maagizo yale yale yaliyomo mwilini mwako, nao wanayafuata, wanaitengeneza intaferoni."

Fundi Dakika alikuwa mtu aliyejiona anavijua vitu vidogo. Alikuwa ameshika kwa koleo skrubu ambazo wateja walidhani ni vumbi. Sasa alikaa kwenye kiti cha hospitali, kofia magotini, akajiona kama mtu aliyeishi uani miaka yote akidhani uani ndiyo dunia. Chembe inakufa, na katika kufa inawaonya jirani zake. Mdudu asiyeonekana anasoma maagizo ya mwili wa mtu na kuyatekeleza bila kukosea.

"Kwa hiyo hamfungui?" aliuliza.

"Hatufungui kitu."

Alitikisa kichwa. Miaka thelathini na miwili hakuwahi kuona saa iliyopona ikiwa imefungwa.

Masharti yalikuwa matatu. Tone moja, mara nne kwa siku. Vichupa viwili alivyopewa vikae kwenye friji. Na baada ya miezi miwili arudi kupimwa. Kama uvimbe haujasinyaa, watakata, na ukizama ndani, jicho lenyewe litatolewa. Daktari hakulificha hilo.

Kuhusu wakati hapakuwa na shida. Saa kumi na saba za ukutani zilimkumbusha kwa pamoja. Vichupa vilikaa kwenye mlango wa friji ndani ya kikombe ambacho mkewe alikiandika kwa kalamu nene: SI JUISI. Saa ikigonga, fundi alichukua kimoja, akaenda nacho mezani kwake, akawapa watu mgongo kama afanyavyo kila kazi, akainama, akakirudisha. Mkewe hakumwingilia. Katika nyumba ile, mgongo wa fundi ulikuwa sawa na mlango uliofungwa.

Miezi miwili ikapita. Daktari akamwangalia kwa mashine yake, akapima, akapima tena, akarudi nyuma kwenye kiti.

"Haujasinyaa," alisema. "Umeongezeka kidogo. Pole, mzee. Wiki ijayo tutakata."

Fundi Dakika alilishika goti lake kwa mkono wa kulia. Mkewe aliutazama ule mkono, akauwekea wake juu.

Muuguzi alikuwa akikusanya vichupa vilivyokwisha. Fundi akatoa chake kutoka kwenye chupa ya chai iliyotiwa barafu. Muuguzi alikiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza, akakitikisa.

"Mzee, hiki ni cha ngapi?"

"Cha kwanza."

"Cha kwanza? Ulipewa viwili, kila kimoja cha mwezi. Na hiki kimepungua kidogo tu."

"Nimekitunza," alisema fundi, na hata katika huzuni ile sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo. Akaeleza. Tone linalotoka kwenye kichupa ni kubwa mno, ni fujo. Kitu laini kama jicho hakiwezi kutiwa maji kwa namna ile. Kwa hiyo alichovya kisindano chake cha mafuta, alichokwisha kukichemsha vizuri, akagusa ndani ya kope la chini. Mara nne kwa siku, hakukosa hata mara moja. "Haba na haba hujaza kibaba," alimalizia.

Muuguzi alikiweka kichupa mezani.

"Mzee wangu, umetia haba, ukatia nusu ya haba. Kibaba chenyewe hakina habari kama kuna mtu anakijaza. Na chuma kwenye jicho! Ungelitoboa ungetuambia nini?"

"Mkono wangu hautoboi," alisema fundi kwa unyonge.

Daktari alikuwa amefunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, haikujulikana kama alikuwa anacheka au anataka kulia. "Basi dawa hatujaijaribu," alisema. "Tumejaribu kisindano chako. Habari ya kisu iahirishwe. Tunaanza upya, kichupa kipya, wiki sita, na safari hii hutajitilia mwenyewe." Akamgeukia mke. "Mama, mikono yako ikoje?"

"Mimi daktari namimina juisi tu."

"Hiyo ndiyo mikono ninayoitaka."

Njiani fundi alisimama kando ya barabara, watu wakipita. "Mama watoto," alisema, "nikilipoteza jicho hili, nimelipoteza kwa ujuzi wangu." Alikuwa anaogopa, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakulificha. Mkewe hakumtania, ingawa alikuwa na maneno. Alimwambia, "Twende. Saa kumi na moja inakaribia."

Wakaanza. Mara nne kwa siku fundi alilala kwenye benchi la wateja, kichwa mapajani mwa mkewe, na mkewe akamtilia tone zima, nono, lililolijaza jicho likafurika likateremka hadi sikioni. Kila mara fundi aliguna kama mtu anayeona maji ya kisima yakimwagika. "Umezidisha," alisema. "Nyamaza," alijibiwa. Wateja waliokuwa wakingoja waliwatazama huku wakinywa juisi, na mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini saa yake haijawa tayari.

Dawa haikuchoma wala haikunuka. Ilikuwa kama maji, na hilo ndilo lililomnyima fundi raha: ataaminije kitu kisichofanya hata kelele? Mkewe alikuwa amemfichia kioo, maana alijua angejikagua kila robo saa. "Wewe mwenyewe unawaambia watu," alimwambia, "mshale wa saa ukiukodolea macho hautembei."

Wiki ya tatu mkewe aliona vile vijishipa vyekundu vimefifia. Hakusema. Siku nne nzima alitia tone akanyamaza, kwa kuogopa asije akawa anaona anachotaka kuona. Siku ya tano uvimbe wenyewe ulikuwa umeshuka, na machozi yake yakadondoka kwenye lile jicho pamoja na dawa.

"Leo umetia mawili," fundi alilalamika.

"Ndiyo," alisema mkewe.

Wiki ya sita daktari alipima akakuta nusu imekwisha. Mwezi wa tatu kilibaki kivuli kama alama ya kidole kwenye kioo. Mwezi wa nne daktari aliangalia, akamwita muuguzi aangalie, muuguzi akamwita daktari mwenzake wa chumba cha pili, na wote wakaangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Walimwambia aendelee na matone mwezi mmoja zaidi na aje kupimwa kila baada ya miezi mitatu, maana ugonjwa huu huweza kurudi. Lakini leo, daktari alisema, jicho ni zima na linaona hadi mstari wa mwisho wa ubao wa kupimia macho.

Fundi Dakika alirudi akaketi mezani kwake. Akamwomba mkewe kile kioo, akapewa. Akakisimamisha mbele yake, akawasha taa ya kazi, akavaa lenzi kwenye jicho la kushoto, akaanza kulikagua la kulia kama afanyavyo kwenye saa ya mtu, taratibu, ukingo wote wa lile duara. Mteja mmoja alikuwa benchini akingoja saa ya marehemu baba yake.

"Unatafuta nini?" mkewe aliuliza.

"Alama."

"Ya nini?"

"Ya fundi. Mtu ameingia humu akafanya kazi miezi minne. Ameondoa kitu kizima, hakugusa cha jirani. Kila mshipa uko mahali pake." Alisogeza taa, akatazama tena. "Hakuna hata mkwaruzo. Hakuandika chochote."

Mkewe alikuja akasimama nyuma yake, akatazama naye kwenye kioo. Kwa macho yake aliona jicho tu, jeupe, la mzee anayelia bila kujijua.

Baadaye fundi aliihamishia lenzi kwenye jicho la kulia, akaichukua saa ya yule mteja. Aliifungua, akaisafisha, akagusa vijiwe kwa ncha ya kisindano, saa ikaanza kwenda. Kisha akaushika mfuniko wa nyuma, akachukua chuma cha kukwaruzia. Ndani yake mlikuwa na alama tatu za mafundi waliomtangulia, na nafasi safi chini yake. Alikaa nao mkononi muda mrefu, mpaka mteja akauliza kama kuna tatizo.

"Hakuna," alisema Fundi Dakika. Akakirudisha kile chuma kwenye droo, akaufunga mfuniko bila kuandika kitu, akampa mtu saa yake.