Majira Tuliyokula Sahani za Wengine

Ilianza Jumamosi moja ya Januari, saa moja asubuhi, katika harufu ya mkate unaokaangwa kwenye mafuta ya soseji na chai iliyokolea mpaka inakausha ulimi. Nilikuwa na miaka kumi. Mzee Keith, mwenye mkahawa, alikuja na sahani, akaiweka mbele yangu, akaenda zake. Nikaangalia: mayai mawili ya kukaanga yamenitolea macho, na nyanya ya kuchoma iliyopasuka katikati. Mimi mayai sili. Tangu nilipoanza kwenda pale nikiwa darasa la pili, sahani yangu ilikuwa mkate wa kukaanga uliomwagiwa maharage ya kopo, basi, na Mzee Keith hakuwahi kukosea. Nikautazama mgongo wake ukirudi kaunta. Nikachukua uma. Nikayala yote mawili, nikimeza karibu bila kutafuna, kwa sababu kusema “hii si yangu” kulikuwa kugumu kwangu kuliko kumeza.

Mkahawa huo ulikuwa nyuma ya soko la mboga na matunda, Abu Hamour, na Mama yangu ndiye aliyekuwa mpishi. Mwenyewe Mzee Keith alikuwa Mwingereza wa kaskazini kwao, aliyekuja Doha ujanani kuchomelea mabomba, akazeekea hapa. Alipostaafu alishirikiana na Mqatari mmoja, wakafungua mkahawa wa namna ile aliyolelewa nayo, maana mama yake alikuwa akiwauzia chai wachuuzi wa soko katika mji wao. Kwa hiyo ukiingia ulikuta meza ndefu zenye vitambaa vya plastiki vya mirabaraba, chupa za siki na sosi ya kahawia, dirisha dogo la jikoni, na vikombe vizito ambavyo mtoto lazima avishike kwa mikono miwili. Soseji zilikuwa za ng’ombe, Mama akizitengeneza mwenyewe. Hapakuwa na meza ya mtu. Ulikaa palipo na nafasi, hata kama jirani yako humjui. Na ukishakwenda mara ya tatu, Mzee Keith hakukuuliza tena unataka nini. Alikutazama usoni mlangoni, akalisogelea dirisha akamwambia Mama, na baada ya muda chakula chako kikakufuata ulipokaa.

Watu wengine walikuwa wakilalamika kwamba hapo huwezi hata kubadilisha mawazo. Kwangu mimi ilikuwa pepo. Nilikuwa mtoto wa kujificha nyuma ya abaya ya Mama, ambaye shuleni mwalimu akitaja jina lake anatamani sakafu ifunguke. Kumbe duniani kulikuwa na mahali ambapo ungeweza kujulikana bila kufungua mdomo. Siku za shule sikwenda, ila Ijumaa na Jumamosi, ambazo huku ndizo siku za mapumziko, nilikaa pale asubuhi nzima, koti limefungwa mpaka kidevuni, nikisikiliza watu. Walikuja walinzi wa mahoteli ya West Bay waliotoka zamu ya usiku, macho mekundu, wakinywa chai kimyakimya mpaka kikombe cha pili ndipo wanaanza kutaniana. Walikuja madereva, wachuuzi wa soko, na akina dada wa kazi za ndani waliopewa mapumziko ya wiki. Niliowapenda zaidi walikuwa wawili. Anko Otieno, mlinzi kutoka Kisumu, mrefu kama mlango, aliyekula soseji nne na kuweka vijiko vinne vya sukari kwenye chai yake. Na Bi Salma wa Zanzibar, aliyekuwa akimtunza bibi mmoja mzee wa Kiqatari pale Al Sadd. Yeye alikuwa na kisukari, na chai yake ilikuja kavu, bila sukari hata punje.

Wiki ile ya mayai nilidhani ni mimi peke yangu. Ijumaa iliyofuata nikaona Anko Otieno ameletewa kibakuli kidogo cha uji wa shayiri. Akakitazama, akaitazama mikono yake ilivyo mikubwa, akachukua kijiko akala. Upande wa pili Bi Salma alikuwa na soseji nne mbele yake kama mpasua kuni. Mzee Keith alipogeuka kwenda kaunta, sahani zikavuka meza haraka haraka, na vikombe navyo vikabadilishana, watu wakijitia kuangalia nje. Wiki ya tatu jambo hilo lilikuwa limekuwa desturi. Sahani ikitua mbele yako ulishukuru, ukasubiri mgongo wa mzee, kisha ukaanza kuitafuta yako kwa macho. Nani angemwambia? Kwetu mtu mzima akikuwekea chakula, huwezi kumwambia umekosea. Unakula, unasema ahsante. Wakenya, Waganda, sisi wa Tanga, katika hilo hatukuwa na tofauti.

Siku moja mzee alipotoka kwenda kununua mikate, wakaongea waziwazi. Bi Salma alisema kwa huzuni kwamba mzee wa watu akili zinamtoka, kwamba hata bibi yake wa Al Sadd alianza hivyohivyo, kwa kuchanganya majina. Anko Otieno akajibu taratibu, “Sasa mkimwambia, si mtamvunja roho? Wacha tukule tu. Mimi uji naeza uzoea.” Watu wakacheka kidogo, si kwa furaha. Mama alikuwa amesimama dirishani, anajifuta mikono. Akasema kitu ambacho hakuna aliyekitilia maanani, hata yeye mwenyewe: kwamba yeye haelewi, maana anavyoagiziwa jikoni ni sawasawa kabisa, idadi ni sawa, kila mtu aliyemo ndani chakula chake kimetajwa.

Nyumbani niliwasikia Mama na Baba. Baba alikuwa msimamizi wa walinzi katika hoteli, na mshahara wake ulitosha sisi kuwa hapa, ila ada ya shule yangu aliilipa Mama. Baba alisema Mzee Keith akirudishwa kwao, yule mshirika wake hatauendesha mkahawa siku mbili, atafunga. Na ukifungwa, mimi na Mama tungerudi Tanga mwisho wa mwaka wa shule, Baba abaki peke yake hapa. Mama aliuliza tu kama yale mabegi makubwa bado yako juu ya kabati. Tangu siku hiyo, kila nilipoona sahani imekwenda pasipo pake nilikuwa wa kwanza kuibadilisha kabla mtu mgeni hajaona. Nilidhani namsaidia. Sote tulidhani hivyo.

Kisha ikafika Ijumaa moja ya Februari, yenye upepo wa baridi uliokuwa ukipeperusha maganda ya vitunguu sokoni. Kila aliyeingia alikuwa amejifunika. Walinzi na makoti yao meusi yanayofanana, akina mama na mitandio mizito. Anko Otieno alikuwa bado hajatoka zamuni. Bi Salma alikuja amechoka, hata salamu hakutoa, akajikalia kwenye kona ambayo Anko Otieno hupenda kukaa, maana ipo karibu na jiko, na wiki hiyo alikuwa akilalamika kwamba miguu inawaka moto na sukari imempanda hajui kwa nini. Mzee Keith akaja na kikombe akakiweka mbele yake. Mimi nilikuwa nimesimama dirishani, nilikuwa nimeona vijiko vinne vikiingia. Bi Salma akakitazama. Hapakuwa na mtu wa kubadilishana naye. Mzee alikuwa bado amesimama pale, anatabasamu, anangoja aonje. Basi akakinyanyua.

Sijui sauti ilitoka wapi. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti ambayo hata Mama aliisikia jikoni: “Mzee Keith, hiyo si chai ya Bi Salma.”

Bi Salma alibaki na kikombe hewani. Mzee Keith akageuka kunielekea, uso umekunjamana, akauliza polepole, “Salma? Salma yuko wapi?”

Alikuwa mbele yake, ungeweza kumgusa.

Nakumbuka mlio wa friji. Nakumbuka Mama akitoka jikoni na mwiko mkononi, unadondosha mafuta. Bi Salma akaweka kikombe chini, akasema kwa sauti ndogo kabisa, “Niko hapa, Mzee.” Mzee Keith alipoisikia ile sauti mahali ambapo alidhani amekaa Otieno, akavuta kiti akakaa. Akavua miwani yake akaifuta na aproni, ingawa haikuwa na shida yoyote. Kisha akatuambia. Miezi mingi sasa nyuso zote kwake zilikuwa ukungu. Alikuwa akitutambua kwa sauti tunaposalimia mlangoni, halafu kwa rangi ya nguo na mahali tunapokaa. Wakati wa joto alimudu. Baridi ilipokuja na makoti, akabaki kubahatisha. Alijua anakwenda kuwa kipofu, na aliogopa mshirika wake akijua ataufunga mkahawa, na Mama atakosa kazi kwa sababu yake. Lakini akajipa moyo kwamba bado anaweza, maana, alisema, hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kurudisha sahani.

Hapo ndipo ilipotuingia. Yeye alituficha macho yake, sisi tukamficha makosa yake, na kwa adabu zetu zote tulikuwa tumemwacha peke yake gizani.

Aliyeanza kucheka alikuwa Bi Salma. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. “Macho tu?” akasema. “Yaani Mzee, ni macho tu? Sisi tulishakuzika akili.” Akamweleza, Mama akitafsiri, kwamba bibi yake wa Al Sadd naye hakuwa akiona mwaka uliopita, akatolewa mtoto wa jicho, na sasa anaona hata vumbi lililobaki chini ya kochi, imekuwa tabu kwa mfanyakazi. Mzee Keith akawa anamsikiliza kama mtu anayesomewa barua ya kutoka nyumbani. Hakuwa amekwenda kwa daktari hata mara moja, kwa kuogopa atakachoambiwa.

Jioni ileile Baba akampeleka. Mama alikaa na simu mapajani, hapiki. Ujumbe ulipoingia aliusoma, akaketi chini sakafuni palepale jikoni kwetu na kuegemea mlango wa kabati. Nikadhani mambo yameharibika. Akanivuta nikae karibu naye, akanisomea: mtoto wa jicho macho yote mawili, unatolewa, ataona. Nikausikia mwili wake ukilegea kama kamba iliyofunguliwa. Tukakaa hapo chini mpaka Baba aliporudi na kutuuliza kulikoni, mbona hakuna chakula.

Mzee Keith alitibiwa jicho moja, kisha jingine. Siku aliponiona vizuri alisema hakujua kama nimerefuka kiasi hicho. Aliendelea miaka mitatu zaidi, halafu akarudi kwao kwa hiari yake, na Mama ndiye anayeusimamia mkahawa sasa pamoja na yule mshirika. Mimi nina miaka kumi na saba, namaliza sekondari mwaka huu, hapahapa Doha. Siku hizi mteja anaelekeza simu yake kwenye kibandiko kilichopo mezani, anachagua, anaandika “bila sukari”, na kinachokuja ndicho alichoagiza. Hakuna anayekula cha mwenzake. Sitadanganya, na mimi huagiza hivyohivyo nikiwa mahali pengine, maana bado naona haya, na simu haikutazami usoni. Bi Salma sukari yake imetulia, na nafurahi kwamba hahitaji tena kubahatisha. Ila wapo watu wanaokuja kwetu kila asubuhi mwaka mzima, najua wanakula nini, sijui wanaitwa nani. Zamani nilidhani kujulikana bila kusema ni raha isiyo na gharama. Sasa naona mtu fulani lazima aseme, na nikisema moyo bado unanidunda, lakini nasema.

Asubuhi iliyofuata ile Ijumaa ya kikombe cha Bi Salma, nilikuwa nimevaa kabla Mama hajaniamsha. Tulipofika mkahawani sikuenda kukaa. Nilisimama mlangoni karibu na Mzee Keith, begani kwake, na kila aliyeingia nikamtaja. Mara ya kwanza hakunisikia, nikarudia kwa sauti. Anko Otieno akaingia ameinamisha kichwa asigonge, nikamtaja, naye akasema, “Eh, mtoi amepata diuti,” kana kwamba mtoto nimepangiwa zamu kama yeye, akaenda kukaa akisubiri soseji zake. Bi Salma akaingia, nikamtaja. Halafu akaingia mtu mmoja mwenye koti jeusi ambaye sikuwahi kumwona. Mzee Keith akangoja, sikio amelielekeza kwangu. Nikamsogelea yule mtu, nikamsalimia, nikamuuliza jina lake nani.