Wimbo wa Kijapani na Yule Kaka

Nilikuwa nasubiri zamu yangu pale mtaani Iringo, kwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu, dada mmoja alipoomba wimbo unaofungua tamthilia fulani ya Kijapani. Marehemu mama yake aliupenda, na Jumamosi ni arobaini yake.

Muuzaji akaupiga. Dada akatikisa kichwa.

"Siyo huu."

"Ndiyo wenyewe, dada."

"Mbona yule kaka haongei?"

Kumbe anamtaka mtafsiri, yule anayeongea Kiswahili juu ya tamthilia nzima, hata juu ya wimbo.

"Si anauharibu?" muuzaji akauliza.

"Akisema 'Karibuni tena,' mama alikuwaga anamjibu, 'Asante, baba.'"

Muuzaji akautafuta huo. Mtafsiri alipokaribisha, dada akajibu kwa sauti, "Asante, baba," akajifuta macho.

Mimi nilichukua ule mtupu, usio na mtafsiri. Nimeusikiliza mara nne, na sielewi kwa nini kila mara namsubiri yule kaka.