Neno "Mafuta" Katika Karatasi Yangu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, mama mmoja wa zamu yetu alivuta komeo la bunduki yake, nalo likakataa kurudi nyuma.

Ulikuwa msimu wa baridi, wakati maji ya bomba la Kolwezi yanapouma vidole. Tulikuwa walinzi watatu wa depo moja ya shaba kwenye barabara ya Mutoshi: yule mama, ambaye ni mtu wa asili ya Kasai mwenye sauti ya kuongoza kwaya; mwenzetu wa Fungurume, ambaye bila utani hawezi kuanza kazi; na mimi, niliyekabidhiwa utunzaji wa silaha kwa sababu napenda kuandika kila kitu.

Saa tatu mkaguzi wa silaha angefika. Silaha inayokwama mbele yake hupelekwa kwa fundi Lubumbashi, na gharama hukatwa kwenye mshahara wa aliyeibeba. Jumamosi ile mama alikuwa anamwoza binti yake. Mshahara ulikuwa umeshagawanywa kabla haujafika: viti, nyama, vitenge vya kina mama wa familia.

"Tata, nisaidie," akasema, akiniita baba kwa heshima. "Hii kitu imegandamana."

"Usiilazimishe, mama. Geuzia mtutu kwenye mchanga."

Nyuma ya chumba cha silaha tuna pipa lililojaa mchanga kwa kazi hiyo. Mtutu ukiwa umeelekea humo, nilitoa sharjeri, yaani kisanduku cha risasi, nikaifungia katika chumba kingine. Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha. Lakini risasi moja inaweza kubaki ndani, na komeo lililokwama halikuturuhusu kuchungulia. Bunduki ambayo hujaiona tumboni ihesabu kuwa ina risasi. Jambo hilo nililisoma katika kijitabu cha Kifaransa nilichonunua sokoni, nikakifasiri jioni baada ya jioni kwa msaada wa kamusi iliyokosa herufi za mwisho. Kutokana nacho niliandika karatasi ya hatua saba za kusafisha bunduki, nikaibandika ukutani. Niliionea fahari sana.

Niliinama ubavuni mwa bunduki, mbali na mdomo wake, nikanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni.

"Mama, jana uliisafisha na nini?"

"Mi nilifata karatasi yako. Namba tano: paka mafuta kidogo."

"Mafuta gani?"

"Ya mawese," akajibu bila wasiwasi. "Tena ya muzuri! Dada yangu alinitumiaka toka Kasai."

Mwenzetu wa Fungurume alijishika tumbo kwa kicheko. "Mboga iko tayari! Bandugu, leteni bukari, ugali wa moto!"

"Funga kinywa, wee," mama akamrudishia. "Ukisikia njaa, kwenda kulamba karatasi ya tata."

Nilicheka nao, kisha nikaenda kuisoma karatasi yangu kana kwamba iliandikwa na mtu mwingine. Namba tano ilisema hivyo hivyo: mafuta. Nyumbani kwetu neno hilo moja ni la chupa ya mawese, la tangi la gari, la taa na la kumpaka mtoto akitoka kuoga. Mama alikuwa ametii kila herufi. Kosa lilikuwa langu.

Mawese huganda kwa baridi na kuwa mazito kama mshumaa. Hayo, pamoja na vumbi letu jekundu, yalikuwa yamelifunga komeo. Basi dawa ilikuwa joto, na joto la bure, la jua, lilikuwa linapanda juu ya ukuta. Hatukutumia nyundo wala moto. Tuliisogeza bunduki pamoja na pipa lake mahali penye jua, tukazuia watu wasipite, tukasubiri. Mama alisimama karibu akiimba wimbo wa harusi kwa sauti ya chini, na mwenzetu akawa anaitikia vibaya kwa makusudi.

Saa mbili na dakika kumi nilivuta komeo. Likarudi polepole, likinyoosha uzi mwekundu kama asali. Nilitazama ndani, mama akatazama, kisha akaingiza kidole kidogo kuhakikisha, kwa sababu jicho hudanganywa na giza. Hamna kitu. Akapiga kigelegele, mpaka dereva mmoja wa lori akashuka kuuliza nani kaoa.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya kawaida. Tulizifungua sehemu juu ya kitambaa cheupe, tukaziosha kwa petroli ya taa, ile ya kuwashia kandili, tukiwa nje penye hewa, tukapitisha brashi katika mtutu, tukakausha kwa pamba. Nilimtuma mwenzetu dukani kwa wauza vipuri, na akarudi na kichupa cha mafuta ya bunduki. Matone matatu kwenye komeo yalitosha. Ndani ya mtutu tulipaacha pakavu. Mama mwenyewe aliiunga, akalivuta komeo mara tano huku mtutu ukiwa mchangani.

Mkaguzi alipofika alilivuta komeo mara mbili, akatia sahihi. Kisha akanusa hewani.

"Nani anakaanga samaki hapa?"

Mwenzetu aliuma mkono wa shati lake asije akacheka.

Kichupa na petroli niligharamia mimi, mwandishi wa namba tano: dola sita. Fundi wa Lubumbashi angechukua mia moja na arobaini. Kwa hiyo, kati yetu, tuliokoa dola mia moja thelathini na nne, na mshahara wa mama ukaenda mzima harusini.