Walifuta Jina Langu, Meseji za Wagonjwa Zikasimama

Admin, nifiche jina tafadhali, maana hapa Kampala watu wa kompyuta tunajuana. Mimi ni dada wa miaka 34, Mnubi wa Kibuli, sijaolewa, naishi na mama. Kwa miaka mingi nilikuwa mtunza hifadhidata wa hospitali moja ya binafsi. Yaani majina ya wagonjwa, vipimo vyao, siku zao za kliniki, vyote vilikuwa mikononi mwangu. Kazi yenyewe haina sifa. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo.

Ramadhani iliyopita meneja wetu alinilazimisha nimpe nywila kuu, ile inayofungua kila kitu. Nilikataa, akasema bosi ni yeye, nikampa. Asubuhi moja akataka kuondoa ratiba ya daktari mmoja aliyeacha kazi, akafuta ya hospitali nzima! Prossy, msichana niliyemfundisha kazi mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha meneja, aliona yote. Nikakaa na swaumu yangu, koo limekauka, nikarudisha kila kitu kutoka kwenye nakala ya akiba kabla ya adhuhuri. Nilitegemea ahsante.

Kesho yake kwenye kikao cha asubuhi, mbele ya madaktari, manesi mpaka wafagizi, meneja akasema, “Huyu nyabo, bibi wa kompyuta, tangu aanze kufunga, akili imelala. Ndiye alifuta ratiba.” Watu wakacheka. Wakaicheka swaumu yangu! Nikamgeukia Prossy, akainamisha kichwa. Siku ileile nikafukuzwa, kiti changu akapewa yeye. Nikiwa bado nakusanya vitu vyangu nikamsikia meneja akimwambia Prossy, “Futa jina lake kila mahali. Sitaki kuliona.”

Akafuta. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Programu inayowatumia wagonjwa meseji kila asubuhi ilikuwa inaendeshwa kwa jina langu. Jina likifutwa, nayo inasimama. Wallahi sikumtega mtu, ndivyo nilivyoijenga tangu mwanzo. Haikupita muda Prossy akapiga simu analia, “Banange dada, meseji zimekataa kwenda. Nimejaribu, nimeshindwa. Nisaidie.” Nikamwambia akamuulize yule ambaye akili yake hailali. Nikakata simu, nikacheka mpaka mama akatoka jikoni kuniangalia. Siwadanganyi, roho yangu iliburudika.

Halafu meneja mwenyewe akapiga. “Nyabo, tusahau yaliyopita. Njoo jioni, watu wakiwa wameondoka, unionyeshe.” Nikamjibu nitakuja asubuhi, kwenye kikao kilekile, aseme mbele ya walewale kwamba aliyefuta ni yeye, na aniombe radhi kwa kuitukana swaumu yangu. Akasema, “Hiyo haiwezekani. Unataka kunivua nguo?” Ndiyo, nataka. Yeye alinivua mimi bila huruma.

Kinachoninyima raha ni simu ya juzi. Ni mama mmoja wa Kamwokya, mtoto wake ana sikoseli. Daktari wao huja mara moja kwa mwezi, na siku hubadilika, meseji ndiyo huwaambia. Namba yangu alikuwa nayo tangu zamani, hajui kama nimefukuzwa. “Dada, nimeenda hospitali, wananiambia daktari alikuja jana. Mbona safari hii hamkuniambia? Dawa ya mtoto imekwisha.”

Ni sentensi moja tu: programu iendeshwe kwa jina jingine. Nikimwambia Prossy, kesho asubuhi meseji zinaanza kwenda, na meneja ataendelea kutembea kifua mbele, hospitali nzima ikiamini mimi ndiye mzembe. Nikinyamaza, atapiga magoti, bado kidogo tu, nalisikia kwenye sauti yake. Na mtoto yule kliniki yake nyingine ni mwezi ujao, mama yake anasubiri kuambiwa siku.

Ndugu zangu, nishaurini. Niseme, au ningoje yeye aseme kwanza? Ila msiniambie nimsamehe. Hilo sikuuliza.