Nimemjibu mkaguzi mbele ya baba mdogo

Leo nimesema mbele ya mgeni kwamba siamini kiwanda cha baba mdogo kitapata faida.

Ngoja nieleze.

Kiwanda chetu cha juisi ya nanasi, hapa Kiwangwa, kimekula hasara miaka mfululizo. Sheria inaruhusu hasara hizo zipunguze kodi ya faida itakayokuja. Kwa hiyo mimi, mhasibu wake, huiandika nafuu hiyo kama mali.

Ila ni mali ikiwa faida itakuja kweli.

Mkaguzi wa hesabu, dada mpole kutoka Dar, akauliza, "Faida mnaitarajia lini?"

"Mwakani, inshallah," akajibu baba mdogo.

"Inshallah, mzee wangu. Ila nahitaji na mikataba ya wateja."

Hatuna hata mmoja.

Akanigeukia. "Mhasibu, wewe unaonaje?"

Nilitaka na mimi niseme inshallah. Neno ambalo nalisema hata nikiagiza chai. Halikutoka.

Nikasema, "Tuifute hiyo nafuu yote."

Yaani tukiri kwenye hesabu kwamba faida hatuitarajii tena.

Baba mdogo ndiye aliyenisomesha uhasibu. Hakugomba. Alimenya nanasi, akamkatia mgeni, akanikatia na mimi.

"Kula, mwanangu. Umefanya kazi yako."

Nikala. Lilikuwa tamu, na hilo ndilo lililoniliza.

Kesho asubuhi nitampa shikamoo yake kama kawaida. Aliyewahi kumvunja moyo mzazi wake namna hii aniambie: siku ya pili aliitikiwa vipi?