Kuku wa siki

Mhariri kaning'ang'ania niseme kisa chenyewe cha kunitia aibu, haya, someni. Mjukuu wangu ana gemu ya kupika vyakula vya Wafilipino kwenye simu. Jumapili moja akanipikia kuku wa kweli kwa siki na vitunguu saumu, akaniwekea firigisi mbele ya wanajumuiya waliokuja kusali kwetu Lizaboni.

"Onja, bibi. Nimejifunza mwenyewe."

Nikatema kiganjani. "Huyu kachacha. Kawapikie hao wa kwenye simu."

Wageni walicheka. Yeye akafuta meza taratibu.

Walipoondoka, nikaonja tena. Alikuwa mtamu, mdomo wangu ulitangulia meno.

Juzi nikachinja mtetea wangu anayetaga, nikamwomba mjukuu ampike kwa siki kama siku ile.

"Sawa, bibi."

Akamchemsha kwa maji na chumvi tu.