Kofia Nyekundu ya Mkwe

Jamani, hili nalisimulia kwa sababu Kabula ameshalisimulia kwa nusu ya Dutwa, na afadhali mlisikie kwangu, maana yeye huongeza chumvi. Aibu nilishaipata, haiongezeki tena.

Kabula ni mjukuu wangu, naishi naye mimi, wazazi wake wamehamia Geita kulima. Mwaka ule alikuwa darasa la saba, na mimi kwa ujinga wangu nikamzuia nyumbani wiki mbili tuvune pamba, kwa kuwa wale wanunuzi wapya wenye malori yao walikuwa wanapita na hawamsubiri mtu. Mwalimu mkuu akaandika barua: mlezi afike shuleni, la sivyo mtoto hafanyi mtihani.

Nikaenda. Ningekwenda moja kwa moja ofisini leo nisingekuwa na la kusimulia, lakini macho yangu (nayajua, hayatulii) yakaona mzee ameketi kwenye benchi nje ya ofisi, kanipa mgongo, kavaa kofia nyekundu ya sufu. Nikasema moyoni, huyu si Maduhu? Maduhu ni mtoto wa mjomba wangu, mtani wangu tangu utotoni, alihamia Nyashimo zamani na nilisikia siku hizi ana kofia nyekundu haivui hata juani. Sasa amefuata nini hapa? Nikashindwa kupita bila kujua.

Mnajua watani wanavyofanya. Nikanyata, nikamvua kofia, nikaketi benchini juu ya hiyo kofia, nikasema kwa sauti, "We mzee, shule uliikimbia ukiwa mtoto, leo umerudi kutafuta nini? Kofia utaikomboa kwa jogoo."

Watoto madirishani wakaangua kicheko. Mzee akageuka taratibu.

Hakuwa Maduhu. Alikuwa mzee Masanja wa Sapiwi, baba wa mke wa mwanangu, mkwe kabisa, mtu ambaye mara ya mwisho tulionana naye siku ya ng'ombe wa mahari, nikamsalimia nimepiga magoti natazama chini. (Kumbe kofia zile zilikuja mnadani robota zima, rangi moja. Zamani mtu ulimjua kwa koti lake hata akiwa ng'ambo ya bonde. Tangu mitumba ije, heri utazame uso.)

Nikateremka benchini hadi chini, magoti yote mawili, kofia mkononi. "Mwangaluka, baba," nikamwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu." Akaniita mama kwa heshima ile ile, huku akipapasa upara wake. Mwalimu mkuu alishatoka, amesimama mlangoni anasikiliza. "Umesema kweli, shule niliikimbia. Ndiyo maana niliposikia mjukuu wetu anazuiwa, nikapanda baiskeli nije nimwombe mwalimu asimfute."

Hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma. Nililia pale pale, mbele ya watoto wa watu, nikakiri kwamba kosa ni langu, si la mtoto. Mwalimu akatutazama sote wawili, akasema Kabula atafanya mtihani, ila asikose tena hata siku moja.

Jumapili yake jogoo nilimpeleka Sapiwi mimi mwenyewe. Tangu hapo pamba navuna peke yangu, ikibaki shambani na ibaki, na mtani simgusi mpaka nizunguke mbele nimwone uso. Mkwe naye, kila nikienda kumsalimia, akiniona tu natokea njiani anaivua kofia yake mapema, anaikalia.